Mtoto wa Utumbo Nje na Umbali wa Mpanda

 Jioni ya leo nataka tuzungumze habari za watoto ambao wengi wetu hatujawahi kuwaona. Wakunga wamewaona. Bibi zetu waliowasindikiza wakwe zao kujifungua nao wamewaona, na aghalabu wamerudi nyumbani bila kusema walichokiona. Ni watoto wanaozaliwa ukuta wa tumbo haujafunga, utumbo ukiwa nje.

Nianze na hesabu, kwa sababu hesabu hii inauma, na ni haki yake iume. Mwaka 2021 jarida la kitabibu la The Lancet lilitoa matokeo ya utafiti mkubwa uliofuatilia watoto 3,849 waliozaliwa na kasoro za tumbo na njia ya chakula, katika hospitali 264 za nchi 74. Kasoro zilizochunguzwa zilikuwa saba. Zote saba zikijumlishwa, mtoto wa nchi maskini alikuwa hatarini zaidi kuliko mwenzake wa nchi tajiri, lakini hakuna mahali pengo lilipokuwa kubwa kama kwa mtoto wa utumbo nje. Katika nchi tajiri, kati ya watoto mia moja wa namna hiyo, mmoja au wawili walifariki. Katika nchi za kipato cha kati walifariki thelathini na wawili. Katika nchi za kipato cha chini walifariki tisini.

Tisini kati ya mia. Na hao ni wale waliofika hospitali kubwa. Aliyefia zahanati, au njiani juu ya bodaboda, au nyumbani kwa bibi, hayumo katika hesabu hiyo. Jirani zetu wa Uganda walikuwa wametutangulia kuusema ukweli huu mchungu: utafiti wa hospitali ya Mulago, Kampala, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba karibu watoto wote wa aina hii waliopokelewa pale walifariki, asilimia 98. Nawaheshimu madaktari walioandika tarakimu kama hiyo kuhusu wodi yao wenyewe. Wangeweza kunyamaza.

Tanzania, wakati takwimu zile za dunia zinakusanywa kati ya 2018 na 2019, ilikuwa bado inahesabiwa miongoni mwa nchi za kipato cha chini. Julai 2020 Benki ya Dunia ikatupandisha daraja, tukawa nchi ya kipato cha kati cha chini. Ni jambo la kujivunia. Ila mtoto anayezaliwa leo Mwese, hapa mkoani Katavi, hasafirishwi na daraja la uchumi. Anasafirishwa na gari, kama lipo, kwa barabara, kama inapitika.

Hali hii ina sura mbili, na inafaa tuzitofautishe kwa sababu huduma zake hazifanani. Ya kwanza madaktari wanaiita gastroskisisi. Kunakuwa na tundu dogo pembeni ya kitovu, karibu kila mara upande wa kulia, na utumbo umetokea hapo ukiwa mtupu, haujafunikwa na kitu chochote. Umeelea katika maji ya uzazi kwa miezi, kwa hiyo mara nyingi mtoto anapozaliwa unakuwa umevimba, mzito na umeshikamana. Ya pili ni omfaloseli. Hapo viungo hupitia kitovuni penyewe, tena vikiwa ndani ya utando mwembamba unaong'aa, na wakati mwingine hata ini huwa limo humo. Ukiwaona wote wawili kwa mara ya kwanza utadhani huyu wa pili ndiye aliye taabani zaidi, maana uvimbe wake unaweza kuwa mkubwa kuliko kichwa chake. Kumbe ule utando ni kinga, na maadamu haujapasuka, muda upo. Hatari ya huyu mara nyingi iko kwingine: wengi wao wana tatizo la moyo au kasoro za vinasaba, na wapo ambao sukari yao ya damu hushuka ghafla saa chache baada ya kuzaliwa.

Yule wa kwanza hana kinga. Lakini moyo wake kwa kawaida ni mzima. Ubongo wake mzima, mapafu yake mazima, viungo vyake vyote vimekamilika. Ana tundu lenye upana wa sentimita chache, basi. Akivuka wiki zake za kwanza, atakwenda shule na atacheza mpira kama wenzake. Ndiyo maana namlilia huyu kuliko wengine: tunampoteza mtoto ambaye ugonjwa wake una dawa, na dawa hiyo inajulikana.

Kwani huko Ulaya na Marekani walizaliwa wanajua? Hapana. Hadi miaka ya 1960 watoto hawa walikuwa wanakufa kwa wingi huko pia. Mambo mawili yakabadilisha hali. Mwaka 1967 daktari wa Boston, Samuel Schuster, alieleza jinsi ya kuufunika utumbo kwa mfuko wa kutengenezwa na kuurudisha ndani pole pole, badala ya kuusukuma wote kwa mara moja katika tumbo dogo lisilo na nafasi. Ukisukuma kwa nguvu, tumbo linabana, mtoto anashindwa kupumua, figo zinakosa damu. Ukiuning'iniza ndani ya mfuko, uzito wake wenyewe unaushusha kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Na katika miaka hiyo hiyo, huko Philadelphia, Stanley Dudrick na wenzake walipata njia ya kumlisha mgonjwa kupitia mshipa mkubwa wa damu, chakula chenye sukari, protini na virutubisho vingine, bila chakula hicho kupita tumboni. Mwaka 1967 walimlisha hivyo mtoto mchanga ambaye utumbo wake haukuweza kufanya kazi, naye akakua. Hilo ndilo lililokuwa linakosekana, kwa sababu utumbo uliokaa nje hauamki siku unaporudishwa ndani. Unaweza kuchukua wiki tatu, nne, hata zaidi, kabla ya kupokea maziwa.

Nusu karne imepita. Mfuko ule leo unauzwa ukiwa tayari, wenye pete inayojibana yenyewe chini ya ukuta wa tumbo, na daktari anaweza kuuvisha mtoto akiwa kitandani wodini bila hata kumpa dawa ya usingizi. Bei yake ni kubwa kwa hospitali zetu, kwa hiyo madaktari wa Afrika wamebuni: wametumia mfuko wa mkojo ambao haujatumika, mfuko wa damu, hata kondomu ya kike yenye pete. Sioni aibu katika ubunifu huo. Naona watu wanaokataa kukaa wakitazama mtoto anakufa kwa kukosa mfuko.

Sasa naomba nizungumze na wewe mkunga, wewe muuguzi uliye zamu peke yako usiku katika zahanati yenye taa moja ya sola. Mtoto huyu akikutokea, saa ile ya kwanza iko mikononi mwako, wala si mikononi mwa daktari wa hospitali ya rufaa Mbeya. Kinachomuua kwanza ni baridi. Utumbo ulio nje unapoteza joto na maji kwa kasi, na mtoto wa kilo mbili na nusu hana akiba. Mkaushe, mvishe kofia, mfunike. Utumbo wenyewe uuingize ndani ya mfuko safi wa plastiki unaopitisha mwanga, pamoja na miguu na kiwiliwili mpaka chini ya kwapa. Mfuko wa dripu ulioukata kwa mkasi safi unafaa kwa kufunika utumbo kama huna kingine. Wapo wanaosema plastiki imepigwa marufuku. Marufuku ya Juni 2019 ilihusu mifuko ya kubebea bidhaa, plastiki ya tiba haikuguswa. Usifunge kwa shashi kavu, itanata na kuchubua. Shashi iliyolowa nayo humpoza mtoto, na ukiiacha muda mrefu inakauka na kuganda pale pale.

Mlaze ubavu wa kulia, utumbo ukiwa umeegemezwa, usining'inie wala kujipinda. Kisha utazame rangi. Ukiwa na rangi ya waridi, damu inapita. Ukianza kuwa wa zambarau au mweusi, umejinyonga: mgeuze mtoto taratibu, unyooshe, utazame tena. Pitisha mrija puani hadi tumboni na uuache wazi, ili yale maji ya kijani yatoke badala ya kutapikwa na kuingia mapafuni. Kwenye kituo cha afya chenye uwezo, aanzishiwe dripu, maana anahitaji maji mengi kuliko mtoto mchanga wa kawaida, apewe ampisilini na jentamaisini, apewe na vitamini K. Asinyonyeshwe kwanza. Hili la mwisho ni gumu, najua. Tumefundishwa na tumefundisha kwamba mtoto anyonye ndani ya saa moja, na mama mkwe atasema mnamtesa mjukuu wake. Mwelezeni kwa upole: maziwa yale ya kwanza yakamuliwe na kutunzwa, yatahitajika.

Na kitovu, tafadhali, usikikate kifupi. Wapasuaji wengi siku hizi hukitumia kitovu chenyewe kuziba lile tundu, bila uzi. Tena kabla hujabana kitovu cha mtoto yeyote, tazama shina lake. Kikiwa kinene kupita kawaida hapo chini, huenda utumbo mdogo umo ndani, omfaloseli ndogo ambayo haionekani upesi, na kibanio chako kitaukata.

Kwa upande wa familia maneno yangu ni machache. Msiurudishe ndani kwa mkono. Msipake mafuta, majivu, dawa ya mizizi, wala chochote. Msifunge kanga kwa kukaza. Na simu ipigwe.

Simu hiyo ni 115. Mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama ulianzia Kanda ya Ziwa na mwaka 2022 Rais Samia akauzindua kwa ajili ya nchi nzima. Wengi wanadhani ni wa wajawazito tu. Unamhudumia mama mjamzito, mzazi hadi siku 42 baada ya kujifungua, na mtoto mchanga hadi siku 28. Kama gari la wagonjwa halipo karibu, dereva wa kijamii aliyesajiliwa anaitwa, na analipwa na mfumo. Mtoto wa utumbo nje ana haki ya gari hilo sawasawa na mama anayevuja damu.

Tumfuate basi mtoto mmoja kwa mawazo. Amezaliwa Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, saa nane za usiku, msimu wa masika. Mpaka Mpanda ni zaidi ya kilomita mia moja. Hapa Mpanda tuna hospitali mpya ya rufaa ya mkoa, na nitaieleza baadaye. Kutoka hapa, rufaa ya kanda yetu ni Mbeya, zaidi ya kilomita 500 kupitia Sitalike, katikati ya hifadhi ya Katavi, kisha Sumbawanga na Tunduma. Njia nyingine ni kupanda kaskazini kwenda Tabora na kuendelea hadi Bugando, Mwanza, nako ni mbali zaidi. Mabingwa wa upasuaji wa watoto ni wachache nchini, na wengi wako katika hospitali kubwa kama Muhimbili, Bugando na KCMC. Hata gari likiondoka papo hapo, hata dereva asisimame kunywa maji, huyu mtoto huenda asifike mbele ya bingwa kabla ya siku ya pili.

Kwa hiyo mimi sikubaliani na desturi ya kuandika rufaa haraka na kumpakia mtoto ili akafie kwingine. Nasema hivi kwa uzito wote. Kumsukuma barabarani akiwa baridi, bila dripu, bila mrija, bila mtu wa kumtazama rangi ya utumbo, ni kumhukumu. Mtoto atulizwe kwanza hapa Mpanda. Apate joto, maji, dawa. Kisha simu ipigwe kule anakokwenda: bingwa yupo? Kitanda cha watoto mahututi kipo? Mama anakwenda naye, kwa sababu maziwa yako kwa mama, na kwa sababu kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, utumbo ukiwa umehifadhiwa pembeni usibanwe, ni chanzo cha joto kisichozimika umeme unapokatika. Halafu ndipo gari liondoke, na muuguzi ndani yake.

Naenda mbele zaidi. Ule mfuko uje Mpanda. Hospitali yetu ya mkoa ina madaktari wanaofanya upasuaji wa uzazi kila siku. Kuvisha mfuko wa utumbo si kazi ya ajabu inayohitaji wataalamu kumi, ni ujuzi unaofundishika. Mtoto aliyevishwa mfuko hapa anaweza kusafiri kesho au kesho kutwa akiwa na kinga, utumbo wake hauchafuki na haukauki. Na wapasuaji wa kanda wanaweza kuelekeza kwa simu ya picha. Majengo mapya tumeyapata, tunashukuru. Kazi iliyobaki ni kujaza ndani yake vitu vidogo kama hivi, ambavyo havizinduliwi kwa utepe.

Kuna jambo jingine linaloifanya habari hii kuwa ya Katavi kuliko mikoa mingi. Duniani kote, gastroskisisi huwapata zaidi watoto wa mama wadogo, hasa walio chini ya miaka 20. Sayansi bado inatafuta sababu kamili, lakini uhusiano huo wa umri umeonekana nchi baada ya nchi, na uko wazi. Sasa tujitazame. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015 na 2016 uliikuta Katavi ikiongoza Tanzania nzima: asilimia 45 ya wasichana wetu wa miaka 15 hadi 19 walikuwa tayari wamezaa au wana mimba, wakati wastani wa taifa ulikuwa 27. Utafiti wa 2022 uliikuta Katavi imeshuka hadi 34, na Songwe ndiyo inayoongoza. Tumepiga hatua, ila msichana mmoja kati ya watatu bado ni wengi mno. Na huku upande wa pili wa umri, omfaloseli huonekana zaidi kwa mama waliopita miaka 35 na 40, nasi tuna kina mama wengi wanaoendelea kuzaa hadi umri huo.

Namwomba anayenisikiliza asichukue maneno haya akaenda kumnyooshea kidole binti wa jirani. Yeye hakujifanyia. Wengi wao hawakuchagua hata mume, wengine hawakuchagua hata mimba. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikakazia mwaka 2019, kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18 vinakwenda kinyume na Katiba. Mzazi anayepokea ng'ombe kwa ajili ya mtoto wa miaka 15 ajue kwamba anampeleka kwenye uzazi ambao una hatari zake za pekee, kwa yeye na kwa atakayemzaa.

Mfikirie binti huyo sasa, miaka kumi na saba, ameambiwa mtoto wake yuko na utumbo nje na inabidi waende Mbeya. Hajawahi kufika Sumbawanga. Hana simu yake, hana fedha yake, kitambulisho hana. Mume, kama yupo, anasema ukoo wao haujawahi kuzaa kitu kama hicho. Bibi mmoja ananong'ona habari za kurogwa, mwingine anauliza mjamzito alikula nini, alipita wapi. Huduma ya mtoto wa chini ya miaka mitano katika hospitali ya serikali sera inasema ni bure, lakini wiki sita za kukaa mji wa ugenini hazina sera: chakula, sabuni, nauli ya kurudi, mahali pa kulala. Hapo ndipo familia nyingi huamua kimya kimya kumrudisha mtoto nyumbani. Siwalaumu. Nasema halmashauri zetu tano zinaweza kutenga fungu dogo la kuwatunza wazazi waliopewa rufaa nje ya mkoa, na makanisa na misikiti yetu inaweza kufanya hivyo hata kabla ya bajeti kusomwa.

Ndugu yangu baba wa mtoto, kasoro hii haiji kwa uchawi, wala haimaanishi mke wako alitoka nje. Gastroskisisi kwa kawaida hairithiwi ukooni, na mimba inayofuata mara nyingi sana huzaa mtoto mzima.

Sasa turudi nyuma, kabla mtoto hajazaliwa, kwa sababu hapo ndipo kuna nafuu kubwa kuliko zote. Kasoro hizi zote mbili zinaonekana kwa kipimo cha utrasaundi. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 limependekeza kila mjamzito apate walau kipimo kimoja kabla ya wiki ya 24. Mtaalamu aliyefundishwa kutazama ukuta wa tumbo, si mapigo ya moyo na mkao wa mtoto tu, atauona utumbo ukielea nje. Na akiuona, mpango mzima unabadilika. Mama anakwenda Mbeya au Mwanza mwezi wa mwisho, kwa basi, kwa miguu yake mwenyewe, mtoto akiwa tumboni. Hakuna gari la wagonjwa wala mashine ya joto inayomsafirisha mtoto kama tumbo la mama yake linavyomsafirisha. Anajifungulia jirani na chumba cha upasuaji, na si lazima apasuliwe: kwa gastroskisisi mama anaweza kujifungua kwa njia ya kawaida, isipokuwa kuna sababu nyingine. Omfaloseli kubwa sana ndiyo inayoweza kulazimu upasuaji.

Ila kipimo cha kabla ya wiki ya 24 kinamtaka mama aanze kliniki mapema, na binti anayeficha mimba asionekane na wazazi au walimu anaanza kliniki akiwa na miezi sita au saba. Kumtisha hakumleti kliniki mapema. Tangu Novemba 2021 serikali inaruhusu wasichana waliojifungua kurudi shuleni. Binti anayejua kwamba mimba haijamfungia maisha yake ana sababu moja pungufu ya kuificha.

Wapo watakaoniuliza habari za vidonge vya foliki asidi. Vimezeni, tena kabla ya mimba mkiweza, kwa sababu vinapunguza sana kasoro za uti wa mgongo na ubongo. Kwa gastroskisisi hakuna uthibitisho kwamba vinaizuia, na sitaki mtu aambiwe kwamba mtoto wake amezaliwa hivi kwa kuwa hakumeza vidonge.

Nilisema nitaeleza hospitali yetu, lakini kwanza tuhesabu. Sensa ya 2012 ilitukuta tu watu 564,604 hapa Katavi. Ile ya 2022 ikatukuta tumepita milioni moja na laki moja na nusu. Tumekuwa zaidi ya maradufu katika miaka kumi. Tukikadiria kwamba mkoa unapata watoto elfu arobaini kwa mwaka, na gastroskisisi kwa makadirio ya dunia humpata takriban mtoto mmoja kati ya elfu tatu, tunapaswa kuona watoto kumi na watatu hivi kila mwaka. Ongeza wa omfaloseli, tunakaribia ishirini. Hayo ni makadirio yangu, na mtu mwenye takwimu bora anisahihishe. Lakini jiulize umewahi kusikia habari za wangapi. Kuna familia ambazo mtoto hapewi jina mpaka kitovu kidondoke. Huyu, ambaye kitovu chenyewe ndicho penye tatizo, anazikwa bila jina, na kwenye daftari huenda akaandikwa amezaliwa mfu ilhali alilia.

Taifa limefanya kazi kubwa kwa mama. Vifo vya uzazi vimeshuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai laki moja katika utafiti wa 2015 na 2016 hadi 104 katika ule wa 2022. Vifo vya watoto chini ya miaka mitano vimeshuka kutoka 67 kwa kila elfu hadi 43. Lakini vya watoto wachanga, wa mwezi wa kwanza, vilikuwa 25, vikawa 24. Chanjo na vyandarua pekee haviwatoshi watoto wa siku moja. Hao wanahitaji wodi, joto, hewa ya oksijeni, sindano ndogo, na muuguzi asiyehamishwa kila baada ya miezi mitatu.

Hiyo ndiyo hospitali ninayoitaka Mpanda. Wodi ya watoto wachanga yenye umeme wa akiba. Muuguzi anayeweza kupata mshipa wa mtoto wa kilo mbili. Mifuko michache ya utumbo kabatini, na daktari mmoja au wawili waliokwenda kujifunza kuivisha. Chakula cha mishipani ni ghali na kigumu kukitunza, na ule utafiti wa dunia ulionyesha kwamba kukipata kunaokoa maisha, kwa hiyo tuanze kukidai katika ngazi ya kanda. Wakati tunangoja, maziwa ya mama, matone machache kinywani tangu siku za mwanzo na kuongezwa kadiri utumbo unavyoamka, ni tiba ambayo haitoki bohari ya dawa. Kwa yule wa omfaloseli kubwa, mara nyingi upasuaji haufanywi mapema kabisa: utando unapakwa dawa wodini kwa wiki nyingi hadi unakuwa gamba gumu na ngozi inaota juu yake, na ukuta wa tumbo unakuja kufungwa mtoto akiwa amekua. Hilo linaweza kusimamiwa Mpanda kwa maelekezo ya bingwa.

Na wale wanaorudi nyumbani wazima, kwa sababu wapo watakaorudi, wasisahaulike getini. Utumbo wao haujakaa ndani kama wa watoto wengine, na unaweza kujipinda au kushikamana miaka baadaye. Mama apewe karatasi inayoeleza kwa Kiswahili mtoto alikuwa na nini na alifanyiwa nini, na kadi ya kliniki iandikwe hivyo hivyo. Mtoto huyo akitapika kijani, hata kama ana miaka mitatu na jana yake alikuwa anacheza na wenzake, apelekwe hospitali usiku huo huo, na karatasi ile iende naye.